Alicheka "he", hakucheka "have"

*Mimi ni kijana wa Ujiji, nafanya kazi kwenye boti ya kupeleka watalii Gombe. Niliishia darasa la saba, Kiingereza nimekiokota humo humo botini. Juzi nilikuwa nawasimulia wageni habari za sokwe Fifi, nikasema: "Fifi, he have nine children." Mama mmoja wa Kizungu alicheka mpaka akashika mbavu. Mwenzangu, ambaye kasoma ingilishi midiamu, akanisahihisha palepale mbele ya wageni: "Has!" Tangu siku hiyo naweka has kila mahali, "we has water", "they has food", na bado naona watu wanatabasamu. Siku hizi wageni wakipanda nanyamaza, namwachia yeye. Nifanyeje nijue lini ni have na lini ni has? Au nirudi zangu kwenye dagaa?*
*Mnyamavu wa Ujiji*



Tuanze na huyo mama aliyecheka, maana nadhani mwenzako alimwelewa vibaya, na wewe ukabeba kosa ambalo silo. Kicheko kilipotoka, yeye alikimbilia have kwa sababu ndilo kosa analosahihishwa kila mwanafunzi. Lakini hebu jiweke kwenye masikio ya mgeni. Ameambiwa kuna dume lililozaa watoto tisa. Mimi pia ningecheka. Ungesema "she have nine children," angesikia tu Kiingereza cha mtu aliyekipata ukubwani, akaelewa, akangoja uendelee. Have yako haikumpoteza hata kidogo. He ndiyo iliyompoteza.

Na hiyo he ilitoka wapi? Ilitoka kwenye Kiswahili chako, ambacho hakina kasoro yoyote. Sisi tunasema "Fifi ana watoto". Jina limeshatajwa, lakini kitenzi bado kinadai a- yake mbele, na hakuna njia ya kuikwepa. Ukihamia kwenye Kiingereza, ulimi unaitafuta ile a-, usipoiona unachomeka he: Fifi, he have. Mwingereza haihitaji. Kwake jina likishatajwa, kazi ya kiwakilishi imekwisha: Fifi has. Basi dawa ya kwanza ni kupunguza, wala si kuongeza. Ukitaja jina, usitaje he wala she. "Fifi has." Na kwa mwanawe: "Frodo has." Kwa hatua hiyo moja umeondokana na dume lenye mimba, na sentensi imekuwa fupi, rahisi kusikika juu ya mlio wa injini.

Itafika mahali jina limetajwa mara nyingi mno na utahitaji kiwakilishi. Hapo ndipo pa kuwa macho. A- yetu haiulizi kama ni mwanamume au mwanamke: shangazi ana, mjomba ana, sokwe ana. Kiha nacho, kama ndicho mnachosema nyumbani, hakiulizi. Kiingereza kinauliza kila mara, na kinataka jibu kabla hujafungua mdomo. Nimewasikia watu wenye shahada zao wakimwita mke "he" katikati ya hotuba ya harusi, kwa hiyo usijione uko peke yako. Lakini kwa kazi yako swali hilo lina uzito wa pekee, kwa sababu koo za Gombe zinahesabiwa kwa mama. Watafiti waliona nani kamzaa nani, ila baba hawakuweza kumjua kwa kutazama tu, hivyo watoto wakapewa majina yanayoanza na herufi ya mama. Flo akawazaa Faben, Figan, Fifi, Flint. Fifi naye akaanza na Freud na Frodo, akaendelea hadi mtoto wa tisa, aliyeitwa Furaha. Jina la kwetu, na bado linaanza na F! Mgeni asiposhika kwamba Flo na Fifi ni she, na Figan na Frodo ni he, ukoo mzima unamvurugikia kabla boti haijafika Gombe.

Tena viwakilishi hivyo vimewahi kugombaniwa kwa ajili ya sokwe hao hao. Mtafiti Jane Goodall alifika Gombe Julai 1960. Alipopeleka moja ya makala zake za mwanzo kwenye jarida la kisayansi, wahariri walifuta kila he na she wakaandika it, yaani kitu, kama unavyosema jiwe au kasia. Yeye akazifuta it zao akarudisha zake. Alisimama kwenye jambo ambalo Kiswahili kilishalimaliza zamani: kwetu sokwe hawezi kuwa "kina" au "lina", ni "ana", sawa na mtu. Kwa hiyo mgeni akisema it, wewe usimfuate. Sema she au he. Wageni wengi waliosoma habari za Goodall watafurahi kusikia hivyo kutoka kwako.

Sasa tuje kwenye have yenyewe. Kwetu badiliko linakaa mbele: nina, una, ana, tuna, mna, wana. Na ya mwisho haiguswi. Kiingereza kimeweka nafsi pembeni kama neno linalojitegemea, halafu kitenzi kikabaki vilevile kwa karibu wote: I have, you have, we have, they have. Anayebadilisha ni mmoja tu, yule anayesemwa akiwa peke yake, awe he, she, it, au jina lake. Huyo ndiye anayechukua has. Wewe ulipoambiwa "has!" ulidhani ni neno bora kuliko have, ukaanza kuligawa kwa kila mtu. Si bora. Ni la huyo mmoja.

Kipimo chako kiko kinywani tayari. Kabla ya kusema, jiulize kwa Kiswahili: ni "ana" au ni "wana"? Ana ni has, wana ni have. Hapa uwe mwangalifu na neno sokwe lenyewe, maana kwetu mmoja ni sokwe na kumi ni sokwe, kinachotofautisha ni kitenzi. Sokwe ana: the chimp has. Sokwe wana: the chimps have. Ziwa nalo ni moja, lina samaki, kwa hiyo the lake has fish.



Nikupe siri ambayo mwenzako huenda hakufundishwa, au alifundishwa akaisahau. Ukisimulia yaliyopita, tatizo lote linayeyuka. I had, she had, they had, Fifi had: neno moja kwa wote. Na sokwe wengi wa masimulizi yako wameshakufa. Flo alikufa 1972, na gazeti la Sunday Times la London likamwandikia taazia kama mtu mashuhuri. Fifi hakuonekana tena tangu 2004. Basi kwao "has" haifai hata kidogo, hata mwenzako alikosea alipokusahihisha. Sentensi yako ilipaswa kuwa "Fifi had nine children." "Ana watoto" husemwa kwa aliye hai. Uweke has akiba kwa ajili ya mama utakayemwona na mwanawe mgongoni siku hiyo.

Kuna shimo moja zaidi mbele yako, nalo ni kukanusha na kuuliza. Utataka kusema "she doesn't has". Usiseme. Ile s imeshakwenda kwenye does, haiwezi kuwa mahali pawili: she doesn't have, does she have? Kwa wakati uliopita, didn't have. Hapo has haina nafasi kabisa.

Na kama bado unaona aibu, jua kwamba zamani za Shakespeare kitenzi hiki kilikuwa na mikia mingi zaidi, wewe ukiwa na wako na yeye na wake, na Waingereza wenyewe wakaiacha ikidondoka mpaka ukabaki huu mmoja. Norfolk, mashariki ya nchi yao, wako wenyeji ambao katika maongezi ya kawaida huacha s hiyo kwenye vitenzi baada ya he na she. Sikwambii uwaige. Nakwambia have yako si dalili ya ujinga.

Huyo mwenzako zungumza naye mkiwa wawili, mkisafisha boti. Mwambie asahihishe baada ya wageni kushuka. Ukimkuta ana masikio, mpe na hiyo habari ya had.

Kuhusu dagaa: hapana. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Hiyo ndiyo miezi ya kiangazi, njia za Gombe zinakauka na watalii wanaongezeka. Ungekuwa umeanika nyavu huku boti yenu inatafuta mtu wa kusimulia habari za Flo.