Kamba kwa mara ya kwanza

Kama kaa, kome na chaza bado ni wageni jikoni kwako, anza na kamba: huiva haraka na hawana kazi nyingi.

1. Nunua asubuhi, kwenye soko la samaki la Feri au kwa mvuvi unayemwamini, na uwabebe kwenye barafu.
2. Kagua kichwa. Kikiwa kimelegea au kimekuwa cheusi, au harufu ikichoma pua, waache hapo hapo hata muuzaji akishusha bei.
3. Menya, chana mgongo kwa ncha ya kisu, vuta ule uzi mweusi. Ni utumbo.
4. Vichwa na maganda usitupe; chemsha upate supu.
5. Ndimu huongeza ladha, haiivishi.
6. Wengi huharibu hapa: wanawapika kama nyama ya ng'ombe! Dakika 3 hadi 4 kwenye moto mkali zinatosha. Wakishakuwa waridi na kujikunja nusu duara, epua. Wakijiviringa kabisa, utatafuna mpira.
7. Wa nazi? Mchuzi uive kwanza, kamba waingie mwisho.
8. Onja mmoja, kisha subiri uone kama una mzio. Midomo ikiwasha, acha. Ikivimba au pumzi ikibana, nenda hospitali mara moja.