Tuongee Kihispania: Bibi Anaumwa

Leo tunamzungumzia bibi. Kwa Kihispania bibi ni *abuela* (tamka "abwela"). Kwa mapenzi zaidi, *abuelita*. "Bibi yangu" ni *mi abuela*.

Sasa kuwa makini, maana hapa wengi huteleza. Kihispania kina "ni" mbili. *Es* hueleza mtu alivyo. *Está* (kaza sauti mwishoni) hueleza hali aliyonayo.

*Mi abuela es mala*: Bibi yangu ni mtu mbaya.
*Mi abuela está mala*: Bibi yangu anaumwa, kama wasemavyo Hispania.

Umeona? Kosa dogo tu, bibi wa watu kasingiziwa! Kwa daktari sema waziwazi: *Mi abuela está enferma*, yaani ni mgonjwa.

Anaumwa wapi? Hapa sisi hatuna taabu. Kama kwetu, kinachouma ndicho kinachobadilisha kitenzi:

*A mi abuela le duele la rodilla*: Goti linamuuma bibi yangu.
*A mi abuela le duelen las rodillas*: Magoti yanamuuma bibi yangu.

Zoezi: Kichwa ni *la cabeza*. Sema "Kichwa kinamuuma bibi yangu."

Jibu: *A mi abuela le duele la cabeza.*

Usisahau kumpa pole: *¡Que te mejores, abuelita!* Ugua pole, bibi!