MTOTO ANAYEKARIRI BADO HAJASOMA
Somo kwa wazazi na walimu wa chekechea na madrasa



Ndugu msomaji, yamekuwa mazoea kupima chekechea kwa sauti ya watoto. Mzazi akipita nje akasikia darasa zima linaitikia "moja hadi mia" bila kukosea, anaridhika. Akifungua daftari la mwanawe wa miaka mitano akakuta kurasa zimejaa, anaridhika zaidi. Iwe Dakawa, wilayani Mvomero, iwe Morogoro mjini au Dar es Salaam, kipimo ni hicho hicho. Swali ambalo wachache wanajiuliza ni hili: mtoto huyo anasoma, au anakariri?

Kukariri kuna heshima yake. Qur'an yenyewe imehifadhiwa vifuani mwa watu tangu zama za Mtume (SAW) hadi leo. Lakini kuhifadhi ni jambo moja na kusoma ni jambo jingine. Wahyi wa kwanza, aya tano za mwanzo za Suratul Alaq, ulikuja na amri ya kusoma na ukataja kalamu. Baada ya vita vya Badr, katika mwaka wa pili wa Hijra, imepokewa kuwa mateka wasiokuwa na mali ya kujikomboa walitakiwa wawafundishe watoto wa Ansari kuandika. Umma uliokuwa bado mchanga na wenye shida ulikubali kuacha fidia ya mali ili watoto wake wajue kuandika. Nasi tujiulize, watoto wetu tumewaweka wapi?

HALI ILIVYO

Sera ya Elimu ya mwaka 1995 iliitambua rasmi elimu ya awali kwa watoto wa miaka mitano na sita. Sera ya mwaka 2014 ikaifanya kuwa sehemu ya elimu ya lazima. Katikati hapo, mwaka 2010, taasisi ya Uwezo ilipima watoto majumbani nchi nzima na kukuta kwamba takribani watatu tu kati ya kila kumi wa darasa la tatu waliweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ukaelekezwa zaidi kwenye KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu.

Wale saba waliobaki hawakuwa watoto wajinga. Mtoto anaweza kukaa darasani miaka kadhaa akiitikia na wenzake bila mtu kugundua kuwa hasomi. Madrasa nako ni hivyo hivyo. Anaweza kumaliza Juzuu Amma kwa sauti nzuri, lakini ukimfungulia ukurasa asiowahi kuusikia, ananyamaza.

KUSOMA NI SAUTI

Kiswahili ni neema kwa mwalimu, kwa sababu karibu kila herufi ina sauti moja isiyobadilika. Anayejua sauti ya "m" na ya "a" anapata "ma", na akirudia anapata "mama". Akiongezewa "j" na "i" anasoma "maji" bila kuambiwa. Lakini katika chekechea nyingi, hasa zile za ada kubwa mijini, mtoto anaanza kukaririshwa majina ya herufi kwa Kiingereza, kisha anatakiwa asome lugha asiyoizungumza nyumbani. Hapo hana njia ila kukariri.

Madrasa ina dawa hiyo tangu zamani. Mtoto anayefundishwa kuwa baa yenye fatha ni "ba", yenye kasra ni "bi", na yenye dhumma ni "bu", ameshaelewa siri yenyewe: konsonanti na irabu zikikutana hutoa sauti. "Ba" ya madrasa na "ba" ya chekechea ni moja. Kinachotofautiana ni umbo la herufi na upande wa kuanzia, kulia kwenda kushoto au kushoto kwenda kulia. Basi mwalimu amwoneshe kwa kidole pa kuanzia, na amwambie wazi kuwa haya si masomo mawili yanayogombana.

KUANDIKA NI MKONO

Vidole vya mtoto wa miaka minne bado havijakomaa kushika penseli kwa muda mrefu. Afinyange udongo, achore mchangani, aandike kwa chaki ubaoni kwa herufi kubwa, ndipo aje kwenye daftari. Akiigeuza 3 au akaandika 6 kinyume, ni jambo la kawaida kwa umri huo, halihitaji fimbo. Daftari lililojaa kurasa alizoshikwa mkono na mwalimu ni la kumfurahisha mzazi tu, mtoto hapati kitu.

KUHESABU NI VITU

Anayeitikia hadi mia, mwambie akuletee vijiko vitano. Akileta vinne au saba, ujue amejifunza wimbo, hajajifunza hesabu. Mpe vizibo vya soda, vijiti au kokoto, aguse kimoja kimoja akitaja. Kisha vitawanye, umwulize kama vimeongezeka.

Somo la dini lina mifano mingi. Aweke kokoto mbili kwa Alfajiri, nne Adhuhuri, nne Alasiri, tatu Magharibi na nne Isha, kisha azihesabu zote apate rakaa 17. Ishirini, thelathini na arobaini za Kiswahili zimetoka katika Kiarabu, kwa hiyo akizisikia madrasa atazitambua.

Na hesabu ni ibada vilevile. Hapa Dakawa mpunga unalimwa kwa maji ya Mto Wami. Mazao yaliyofikia nisabu, kama yamenyweshwa na mvua, zaka yake ni sehemu moja ya kumi, na kama yamemwagiliwa kwa gharama ni nusu ya hiyo. Magunia 100 yatatoa 10 au yatatoa 5. Asiyejua hesabu ataitekelezaje haki hiyo ya masikini?

MFANO TULIO NAO

Waislamu wa Afrika Mashariki tumeshalifanya jambo hili. Miaka ya 1980, pale Mombasa, wazazi wa Kiislamu walihofia watoto wao kuachwa nyuma katika shule za msingi. Kwa msaada wa Aga Khan, na kwa juhudi za mwalimu Bi Swafiya Said, ukaanza mpango wa chekechea za madrasa, ambamo Qur'an na masomo ya awali yalifundishwa pamoja, kwa vifaa vilivyotengenezwa na walimu na wazazi wenyewe. Ukaingia Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionesha kuwa watoto waliosoma humo waliendelea kiakili kuliko wale waliobaki nyumbani.

WAJIBU WETU

Kamati za misikiti zinazoweza kuchangisha kwa ajili ya mnara zinaweza pia kuchangisha posho ya mwalimu wa watoto wadogo na kumpeleka kwenye mafunzo. Mwalimu wa madrasa na wa chekechea wakutane walau mara moja kwa mwezi, kwani mtoto wanayemfundisha ni mmoja.

Na wewe mzazi, jioni ya leo mwandikie mwanao neno fupi ambalo hajawahi kuliona, kama "kuku" au "jiko". Mfungulie na Juzuu mahali asipopafikia. Akisoma, mshukuru Allah na mwalimu wake. Akishindwa, usimpige wala usimtukane. Nenda ukazungumze na mwalimu mapema, kabla hajafika darasa la tatu akiwa bado anaitikia tu pamoja na wenzake.