MNADA WA SAMAKI NA HABARI ZA SIMU

Mtu aendaye Feri alfajiri huona mnada wa samaki. Dalali husimama mbele ya watu, samaki wamelazwa wazi, na bei itajwayo husikiwa na wote. Akidanganya, mchuuzi atafunua matamvua ya samaki, naye atajua. Habari za simu haziuzwi hivyo. Dalali haonekani, na pengine samaki mwenyewe hayupo. Na mpiga kura huchagua kwa yale ayajuayo.

Tusidhani, hata hivyo, ya kuwa maneno ya watu ni hatari tupu. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere alishtakiwa hapa Dar es Salaam kwa makala iliyotoka katika kijigazeti cha Sauti ya TANU, akatozwa faini ya shilingi 3,000. Huko Kenya, Juni 2024, vijana waliufafanua muswada wa fedha katika simu zao kwa lugha nyepesi, wakaingia barabarani, na baadhi yao waliuawa. Tarehe 26 Rais Ruto alitangaza kwamba hatautia saini.

Shida ni mbio. Baada ya uvumi wa simu kuleta mauaji India mwaka 2018, wenye WhatsApp waliweka mpaka: Januari 2019 walitangaza kwamba ujumbe usambazwe kwa watu au makundi 5 tu kwa mara moja. Dawa hiyo hupunguza mbio, lakini haipimi ukweli.

Kwetu iko Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kwa kifungu cha 16, achapishaye uongo kwa kujua, akikusudia kupotosha umma, hutozwa faini isiyopungua shilingi 5,000,000, au hufungwa miaka isiyopungua 3, au yote mawili. Ni mchuuzi gani wa dagaa awezaye kumlipia mwanawe fedha hizo?

Tena, siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025, intaneti ilikatwa nchini kwa siku kadhaa. Kwa maoni yangu uvumi hauponi hivyo, kwani mwongo hunyamazishwa pamoja na yule ambaye angemsahihisha. Na mzazi asiyejua mwanawe yu wapi huamini lolote alisikialo mlangoni.

Zoezi la Uraia, Kidato cha Tatu: Chagueni habari moja iliyozunguka katika simu za nyumbani wiki hii. Andikeni nani aliisema kwanza, wapi, na nani mwingine aliona kwa macho yake. Pasipo na jina, andikeni "hayupo".