Somo: Kulinda Umati Siku ya Mgawo

Ndugu wa Kalemie, mwaka 2022 watu 11 walikufa katika msongamano wa tamasha kwenye Stade des Martyrs, Kinshasa. Aliyebanwa hukosa pumzi angali amesimama, hata sauti haitoki. Basi mjitolea asingoje kelele. Akiona watu watano wamebanana katika mita moja ya mraba, asimamishe wanaoingia. Mlango wa kuingilia usiwe ndio wa kutokea; pikipiki zibaki barabarani. Fimbo hatuitaki kabisa.

Baada ya mapigano ya Watwa na Waluba yaliyohamisha wengi mwaka 2016 na 2017, mgawo ukisimamiwa na upande mmoja huzaa manung'uniko. Kila kamba ishikwe na wawili, Mtwa na Mluba. Wazee na wajawazito tuwatangulize, na wengine tuwaeleze sababu kabla hawajauliza.