Matairi ya Baiskeli ya Kukunja: Usinunue kwa Inchi

Baiskeli ya kukunja haimsumbui mwenye nayo mpaka siku tairi linapoisha. Hapo ndipo anapozunguka maduka ya vipuri na kukuta matairi ya baiskeli kubwa yamejaa, ya watoto yapo, lakini lake halieleweki. Haya ndiyo maswali yanayoulizwa zaidi.

Baiskeli yangu ni ya inchi 16. Nilinunua tairi la inchi 16 la baiskeli ya mtoto, likakataa kuingia. Muuzaji anasema rimu yangu imepinda. Ni kweli?

Rimu yako haina kosa. Inchi ni jina la biashara tu, na kuna matairi kadhaa yanayoitwa "16" ambayo hayaingiliani hata kidogo. Soma ubavu wa tairi lako la zamani. Karibu na maandishi ya inchi utaona namba mbili zenye kistari katikati, mfano 47-305 au 35-349. Ya kwanza ni unene wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha pale tairi linapokalia kwenye rimu, na hiyo ndiyo inayoamua kila kitu. Baiskeli za watoto za inchi 16, na baadhi ya za kukunja, ni 305. Brompton, ile inayotengenezwa London, ni 349. Hizo ni milimita 44 za tofauti, na hakuna sabuni wala nguvu itakayoziba pengo hilo.

Kwenye inchi 20 mtego ni uleule. Baiskeli za BMX na nyingi za kukunja za Dahon na Tern hutumia 406, lakini zipo za inchi 20 zenye matairi membamba ya mwendo kasi, nazo ni 451. Halafu kuna kituko hiki: tairi lililoandikwa 20 x 1.75 ni 406, ila lililoandikwa 20 x 1 3/4 ni 419. Kwa hesabu ya shuleni ni kitu kimoja, kwa rimu ni vitu viwili. Kabla hujaenda Kariakoo, piga picha ya ubavu wa tairi kwa simu. Ile namba ya pili lazima ilingane kabisa. Ya kwanza ina nafasi ya mjadala.

Na kama maandishi yamefutika?

Vua tairi, upime rimu kutoka ukingo hadi ukingo ukipita katikati. Kwa baiskeli ya inchi 20, ukipata karibu milimita 418, rimu yako ni 406. Ukipata karibu 463, ni 451. Huwezi kuzichanganya.

Nataka tairi nene zaidi maana barabara yetu ina mashimo. Inawezekana?

Wazo ni zuri, na mimi huwaunga mkono wanaotaka unene kuliko wanaotaka wepesi. Gurudumu dogo huzama zaidi kwenye shimo na kugonga ukingo wake kwa ukali kuliko gurudumu kubwa, na upepo mwingi ndani ya tairi nene ndio springi ya bei rahisi kuliko zote.

Lakini pima nafasi kwanza. Angalia tairi linapopita kwenye uma wa mbele, kati ya mabomba ya nyuma, chini ya madigadi na kati ya mipira ya breki. Kila upande ubaki na milimita 4 au 5 za uwazi, maana rimu huyumba kidogo, na kokoto iliyonasa kwenye tairi inahitaji pa kupita. Kipimo kinachosahaulika ni cha kukunja. Baiskeli inaweza kutembea vizuri kabisa na tairi jipya, kisha ukiikunja ukakuta tairi linasugua pedali, au magurudumu yanagusana na ndoano haifungi. Ikunje hapohapo dukani. Kwa Brompton ya kawaida usiwe na matumaini makubwa: fremu na madigadi yake yamebanwa kwa matairi ya milimita 35 hivi, na nafasi iliyobaki ni finyu.

Huku kwetu mbigili zimejaa. Tairi gani halipati pancha?

Halipo. Yapo yanayopata kwa nadra. Tafuta lenye mkanda wa kinga chini ya kashata. Schwalbe, kampuni ya Ujerumani, huuza Marathon yenye tabaka la mpira la milimita 3 na Marathon Plus yenye milimita 5. Mwiba wa mbigili ni mgumu lakini mfupi, kwa hiyo tabaka nene huuzuia usifike kwenye tyubu. Gharama yake ni uzito, na ugumu fulani unaousikia mikononi. Kwa mtu anayeenda kazini kila asubuhi akiwa amevaa shati jeupe, mimi nasema abebe huo uzito.

Ukipata pancha, usikimbilie kuziba tu. Pitisha kitambaa ndani ya tairi polepole, kitanasa pale mwiba ulipobaki. Ukiona matundu mawili sambamba kwenye tyubu, si mwiba huo: umepita shimoni na upepo kidogo, tyubu ikabanwa kwenye rimu.

Tairi lisilotumia upepo je?

Kwa gurudumu kubwa ningesita, kwa dogo nakataa. Kila mgongano utaishia kwenye spoki, kwenye bawaba ya fremu na kwenye kiuno chako.

Kashata nyingi zinasaidia kwenye mvua?

Kwenye lami, hapana. Tairi la baiskeli ni jembamba na la mviringo, huyasukuma maji pembeni lenyewe kwa mwendo wa kawaida. Kinachoshika lami ni ubora wa mpira. Kashata zina kazi kwenye mchanga na tope, na kama njia yako ni nusu lami nusu vumbi, kashata fupi zinatosha.

Mbona matairi haya madogo yanaisha upesi?

Kwa sababu yanazunguka zaidi. Tairi la 47-406 huzunguka karibu mara 640 kwa kilomita moja. La 32-622, la baiskeli kubwa ya mjini, karibu mara 465. La Brompton hufika mara 760. Kila kipande cha mpira kinagusa lami mara nyingi zaidi, na la nyuma ndilo hubeba uzito mwingi, kwa hiyo ndilo hugeuka kipara kwanza. Likiisha, lile zima la mbele lihamishie nyuma na jipya lifunge mbele. Tairi la mbele likipasuka ukiwa kwenye mwendo huwezi kuimudu baiskeli. La nyuma mara nyingi unaponea.

Nijaze upepo kiasi gani?

Ubavuni pameandikwa kiwango cha juu, na mara nyingi cha chini pia. Anzia katikati, nyuma zaidi kuliko mbele, kisha sikiliza baiskeli. Tairi dogo lina upepo kidogo, kwa hiyo hata uvujaji wa kawaida unaonekana haraka: pima kila wiki. Angalia pia valvu ya tyubu unayonunua. Baiskeli nyingi za Japani huja na valvu ile ya baiskeli zetu za zamani, nyingine zina ya gari, na nyingine ile nyembamba ndefu. Tundu la rimu lililotobolewa kwa valvu nyembamba haliipokei ya gari.

Fundi wangu alitumia bisibisi akatoboa tyubu mpya. Kuna njia nyingine?

Ipo. Matairi madogo yenye mkanda wa kinga yanabana sana, hivyo fundi hukata tamaa mapema. Tia tyubu upepo kidogo tu, ishike umbo. Anza kuingiza ukingo wa tairi upande ulio mkabala na valvu, umalizie kwenye valvu. Wakati huo bana ukingo kwa vidole pande zote ili ushuke kwenye mfereji wa katikati ya rimu. Hapo unapata milimita kadhaa za ulegevu, nazo ndizo zinazohitajika mwishoni. Paka maji ya sabuni pale palipobaki, sukuma kwa viganja. Ikishindikana kabisa, tumia wenzo wa plastiki. Kabla ya kujaza, sukuma valvu ndani kisha uivute, usije ukaacha tyubu imebanwa chini ya ukingo.