Toka makala mpaka gaze: moto mupya, desturi mupya



Mwezi wa sita na wa saba ni miezi ya baridi kwetu Katanga. Usiku, katika Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi, joto linaweza kushuka chini ya digri 10. Ndio wakati ambapo mbabula, ambayo muchana inapika bukari kwenye baraza, inaingizwa chumbani ili watoto walale na joto. Na ndio wakati ambapo sisi watu wa dispensari tunapata kazi ambayo ingeweza kuepukwa.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka mumoja, wakati wa baridi, mama mumoja alinijia asubuhi: kichwa kinauma, kizunguzungu, kutapika. Mutoto wake wa miaka 4 vilevile. Nikafikiri malaria, nikawapa dawa ya malaria bila kungoja jibu la damu. Kesho yake walirudi, hali ni ileile, na jibu la damu lilikuwa limetoka: hakuna malaria. Ndipo mama mukubwa anayefagia dispensari alimuuliza neno moja tu: «Mwanangu, usiku munalala na mbabula?» Ndiyo, walilala nayo. Baba alikuwa posti ya usiku, dirisha limezibwa kwa matambara, mbabula iko karibu na kitanda. Muchana walipokaa nje, kichwa kilipoa. Usiku kikaanza tena.

Mimi niliyesoma sikuuliza. Yeye aliuliza. Walipona, lakini usiku mumoja zaidi ungeweza kuwa wa mwisho. Tangu siku ile, mugonjwa wa asubuhi wakati wa baridi ninamupima damu, na ninamuuliza pia juu ya moto.

Sumu isiyo na harufu

Makala yanapowaka yanatoa gaze inayoitwa monoksidi ya kaboni, kwa kifupi CO. Katika chumba kilichofungwa inajaa upesi. Haina rangi, haina harufu, haikoholeshi. Moshi wa kuni unakufukuza kwa kuuma macho. Makala mekundu yasiyo na moshi yanakudanganya: unafikiri moto umekuwa safi, kumbe ndio wakati wa kuuogopa.

Damu yako inabeba oksijeni toka mapafu mpaka ubongo na moyo, kama vile kamyo zinavyobeba mawe toka shimo mpaka kiwanda. CO inazishika kamyo hizo kwa nguvu inayopita ya oksijeni zaidi ya mara 200. Kamyo zinatembea, lakini muzigo si ule uliongojewa. Ubongo unakosa chakula chake. Kwanza kichwa kinauma, kisha kizunguzungu, kutapika, miguu kulegea, akili kuchafuka. Mutu aliyelala hasikii dalili hizo: anatoka usingizini na kuingia kifoni bila kuamka. Mama mwenye mimba yuko katika hatari kubwa zaidi, kwa sababu damu ya mutoto tumboni inashika CO kwa nguvu na kuiachilia polepole.

Shika alama hii: watu wa nyumba moja wakiugua pamoja asubuhi, na wakipata nafuu wanapotoka nje, chunguza moto kwanza.

Na moto usioua kwa usiku mumoja unaharibu mapafu na moyo polepole. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, lilihesabu kwamba mwaka 2020 watu karibu milioni 3.2 walikufa duniani kwa sababu ya hewa chafu ya nyumbani, ile inayotokana na kupika kwa kuni, makala, mafuta ya taa na kadhalika.

Kazini unajua, nyumbani unasahau

Wewe unayefanya kazi shimoni, baruti ikiisha kulipuka, hurudi mara moja mbele ya mwamba. Unangoja hewa isafishwe na shefu atoe ruhusa. Unajua sababu: moshi wa baruti una CO, ileile ya mbabula. Kwa nini basi unavua akili hiyo mulangoni pamoja na kaske? Chumba cha kulala chenye mbabula na dirisha lililozibwa ni shimo lisilo na hewa, na waliomo ndani ni watoto wako.

Gaze ya chupa inaleta nini?

Nyumba nyingi sasa zinataka kuacha makala. Umeme hautoi CO nyumbani, lakini ukikatika saa ya kupika, mbabula inarudi. Kwa hiyo wengine wananunua gaze ya chupa, yaani butane na propane. Jiko la gaze likiwaka vizuri, moto wake ni wa buluu, sufuria haishiki masizi, na CO inayotoka ni kidogo sana. Moto ukiwa wa njano na sufuria ikiwa nyeusi, jiko linawaka vibaya: lizime, lipoe, safisha matundu yake.

Wengine walibadilisha moto mbele yetu. Kule Uingereza, kati ya mwaka 1967 na 1977, mamilioni ya nyumba ziliacha gaze ya zamani, ambayo yenyewe ilikuwa na CO ndani, zikapokea gaze asilia iliyochimbwa chini ya bahari ya Kaskazini. Vifo vya sumu vilipungua sana. Lakini havikuisha, kwa sababu moto wowote ukiwaka vibaya katika chumba kilichofungwa unazaa CO. Tujifunze hapo: moto mupya unasaidia, lakini hautakufungulia dirisha.

Anza na moto ulio hatari zaidi

Utasema: gaze ni bei. Ni kweli, chupa, jiko na mupira vinaomba pesa nyingi siku ya kwanza. Lakini si lazima uache makala siku moja. Maharagwe na bukari viendelee kupikwa kwenye mbabula, nje, kwenye hewa. Gaze ianze na chai ya alfajiri, uji wa mutoto na maji ya moto ya usiku. Ndio ule moto mudogo unaokushawishi kuleta mbabula ndani kwa sababu nje kuna baridi na giza.

Kisha fanya hesabu yako mwenyewe. Andika tarehe uliyofungua chupa na tarehe iliyoisha. Andika pia mifuko ya makala uliyonunua katika siku hizo. Baada ya chupa mbili utajua gharama ya nyumba yako, bila kusikiliza maneno ya muuzaji wala ya jirani.

Sheria za gaze

Gaze hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi darini. Inashuka chini na kukaa sakafuni, katika mashimo na pembeni. Lakini tofauti na CO, imetiwa dawa inayonuka vibaya ili pua yako ijue. Gaze ina kengele, mbabula haina. Basi:

1. Chupa isimame wima, mahali penye hewa, mbali na moto, mbali na jua kali. Usiiweke ndani ya shimo wala chumbani mwa kulala. Usiilaze wala kuipasha moto ili kumaliza gaze iliyobaki.

2. Ukiisha kufunga chupa mupya, paka maji ya sabuni kwenye viungo na kwenye mupira. Mapovu yakivimba, inavuja. Usitafute kamwe kwa kiberiti.

3. Washa kiberiti kwanza, kisha fungua gaze. Ukigeuza mambo haya, gaze inakusanyika kabla ya moto.

4. Ukiisha kupika, na kila usiku, funga chupa yenyewe, si jiko tu.

5. Ukisikia harufu: usiwashe taa, usizime taa, usipige telefone humo ndani. Zima moto wote ulio wazi, funga chupa, fungua milango na madirisha, toa watu. Kwangu nyumbani, usiku mumoja, mukono wangu ulikuwa tayari kwenye kitufe cha taa ili nitazame chupa. Bibi yangu ndiye aliyeushika. Ninawafundisha ninyi jambo ambalo nami nilifundishwa.

6. Mupira uliopasuka ao kukauka, badilisha. Usiufunge kwa matambara.

Na baridi ya usiku?

Jiko la gaze la kupikia si la kupasha chumba cha kulala. Likiwaka usiku kucha mahali palipofungwa linamaliza oksijeni, kisha linaanza kutoa CO. Sheria ni moja: moto wowote usilale na watu. Ziba vioo vilivyovunjika, lakini tu kama hakuna moto ndani. Valisha watoto soksi na fulana nzito, walaze pamoja. Jaza maji ya moto katika chupa inayofungwa vizuri, ifunike kwa kitambaa, weka miguuni. Watoto wadogo na wazee wasigusane nayo moja kwa moja.

Ukimukuta mutu ameanguka

Fungua mulango na madirisha kwanza, vuta hewa safi, ingia upesi, umutoe nje. Usikawie ndani, usije ukawa mugonjwa wa pili. Toa wote, hata mutoto anayeonekana amelala tu. Asiyeamka lakini anapumua, mulaze ubavuni. Usimunyweshe maziwa wala mafuta: hayaondoi CO, na yanaweza kuingia katika mapafu. Mupeleke hospitali, hata akiamka na kusema «niko muzima». Katika hewa ya kawaida, CO ya damu inapungua nusu kwa muda wa saa 4 ao 5. Kwa oksijeni safi ya hospitali, kwa muda wa saa moja na kidogo. Saa hizo zinaokoa ubongo.

Maulizo ya jioni, baba, mama na watoto

Ni gaze gani inayonuka, na ni ipi isiyonuka? Usiku chupa yetu inafungwa na nani? Mbabula yetu inalala wapi? Harufu ikitokea, ni kitu gani tusiguse?

Mutoto wa darasa la tatu anaweza kujibu yote. Mumuulize leo, kabla baba hajaenda posti ya usiku, ili asubuhi akipiga hodi wote waitike.